Fungu la Golnesa

Darmazar,
12 Dey 1352

Kwa mdogo wangu mpenzi Kherallah,

Salamu nyingi sana, na zikukute umeketi, umeshakula. U hali gani huko Kuwait? Mgongo je, umepata nafuu, au bado wanakubebesha saruji kama punda wa dobi? Mashhadi Faraj, atakayekuletea barua hii, ameniambia kikohozi kilikushika mwezi uliopita nawe ukaenda nacho kazini hivyo hivyo. Sikushangaa. Ukaidi huo nimekulea nao mwenyewe. Kunywa maziwa ya moto, ufunge kifua, na usivue kofia kwa kuwaiga vijana.

Kila barua niliyokuletea miaka hii kumi ilianza kwa kusema sisi sote ni wazima, hofu ni kwako tu uliye mbali. Leo maneno hayo nimeyaacha. Safdar mume wangu ni mzima, ila magoti yanamsumbua kwa baridi hii. Mwanangu Ardeshir ni mzima. Mimi nala na nalala. Aliyebaki ni yule ambaye najua ndiye unayemfungulia barua zangu, binti yako Golnesa. Habari zake nitakueleza zote, nakuomba tu usiruke mistari kuzitafuta mwishoni.

Utaona mwandiko si wa Ardeshir. Ni wangu. Nilijifunza kwenye darasa la akina mama miaka mitatu iliyopita, nikalificha daftari ndani ya pipa la unga kwa kuona haya. Barua zote za nyuma nilikuwa nikisema kwa mdomo naye Ardeshir akiandika, na yapo mambo ambayo mama hawezi kumtamkia mwanawe ayaandike. Herufi zangu zinalala upande kama ngano iliyopigwa na upepo, lakini nadhani utaweza kuzisoma. Naandika mchana, Safdar yuko shambani, na mlango nimeufunga.

Umesema utafika Nairuzi kwa ajili ya harusi. Zimebaki wiki kumi na moja. Kabla hujapanda meli ni lazima ujue utamkuta nani, maana mimi nilikudanganya. Golnesa hakukua, Kherallah. Ulimwacha wa miaka tisa, kichwa chake kikikufika kiunoni. Leo ana miaka kumi na tisa, na kichwa kinakufika kiunoni, labda na vidole vinne juu. Hajavunja ungo. Kifua chake ni cha mtoto, sauti yake ni ya mtoto, na mgeni akiingia humpa peremende na kumuuliza mama yuko wapi.

Mimi nilikuandikia kwamba amenipita kimo. Nilikuandikia kwamba kila mwaka namshonea gauni jipya kwa sababu la zamani halimtoshi. Ni gauni lile lile miaka yote, nimeongeza viraka tu. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, ila yangu imekwenda miaka kumi na nilianza kudhani haina mwisho.

Unakumbuka ulivyoniachia mtoto. Arobaini ya mama yake ilikuwa haijaisha vizuri. Ulimkalisha mapajani pangu ukaniambia, dada, huyu ni wako, na mbuzi hawa sita ni wake, bakuli lake lisikauke. Mimi nikakujibu kwa maringo kwamba huhitaji kuniachia mbuzi ili nimlishe mke wa mwanangu. Maana alikuwa mke wa Ardeshir tangu siku aliyozaliwa. Mama yetu alikikata kitovu chake kwa jina la Ardeshir, na mimi mwenyewe ndiye niliyeshika kisu kwa upande wa pili. Ukaenda zako umetulia. Hata mimi ningetulia.

Nyumba yangu haikuwa na njaa, hilo nataka ulijue mapema. Mbuzi wako walizaa. Kila vuli tulichinja wawili, tukaikaanga nyama na kuihifadhi ndani ya mafuta yake kwenye mitungi, na mpaka theluji inayeyuka mitungi ilikuwa bado ina kitu. Kuku walitaga. Dengu hazikukosekana. Na mkate wangu unaujua, ule mwembamba wa tawa, wa unga usiochekechwa, unakandwa sasa hivi na kuchomwa sasa hivi. Ukiinua dhidi ya jua unaona kivuli cha mkono wako. Mabibi harusi wa Darmazar huletwa kwangu kujifunza kuusukuma. Mtu akiniambia mimi si mzuri wa sura, nitakubali. Akiniambia mkate wangu una kasoro, ametafuta ugomvi.

Alipofika miaka kumi na moja au kumi na miwili, Golnesa alianza kula udongo. Ule mwekundu wa ukingo wa kijito, ambao hata sisi tulikuwa tukiulamba utotoni, kwa hiyo sikuhangaika. Lakini yeye hakulamba. Alikuwa akiukwangua kwa kijiko, anaufunga kwenye pindo la gauni, na usiponyang'anya anaumaliza. Nilipomchapa, alilia akisema, “Shangazi, mdomo wenyewe unautaka, si mimi.” Mama mkwe wangu, Bibi Shahrbanu, Mungu amrehemu, alisema nimwache, udongo haujaua mtu, udongo husubiri mtu afe kwanza ndio umle.

Mwaka aliotimiza kumi na mitatu akaja daktari wa Kikosi cha Afya, kijana mwenye miwani na sare iliyompwaya, Mturuki wa Tabriz. Lafudhi yake iliwachekesha watu mpaka wagonjwa wakasahau walichojia. Aliwapanga watoto wote kwa umri wao ukutani mwa msikiti na kuwapima kwa utepe. Golnesa alipofikiwa, daktari alimwambia arudi mwisho wa mstari pamoja na wenzake wa miaka minane. Watu wakacheka. Mmoja akasema, “Daktari, huyo ni bibi harusi, si mtoto,” na daktari akauliza ni bibi harusi wa panya gani. Kisha aliposikia umri wake wa kweli hakucheka tena. Akaomba aje nyumbani.

Aliketi karibu na tawa langu, akala mikate minne na jibini, akausifu hata mimi nikaanza kumpenda. Halafu akasema kwa upole, “Mama, mkono wako una baraka, lakini mkate huu ndio unaomfupisha mtoto.” Alieleza kwamba yapo madini kidogo sana mwilini yanayoitwa zinki, kiasi cha chumvi kwenye kidole, lakini mtoto akiyakosa hakui, havunji ungo, na mdomo unatafuta udongo. Ngano inayo, akasema, ila wishwa umeishika kama mtoto aliyefumba peremende kiganjani. Unga ukitiwa chachu ukalala usiku mzima, kile kiganja hufunguka. Usipochachushwa, tumbo linapitisha kila kitu na mtoto hapati chochote. Na ule udongo nao unakamata hata kile kidogo kilichoponyoka.

Bibi Shahrbanu alikuwa anasikiliza akiwa amejifunika blanketi. Akauliza kama hiyo zinki ndiyo ile waliyopaka ndoo yetu isiote kutu. Daktari akasema ndiyo, ndugu yake. Bibi akanigeukia, “Basi usihangaike na chachu, mkwe wangu, mpe mtoto alambe ndoo.” Tulicheka sisi sote, na daktari naye alicheka. Golnesa alicheka kuliko wote, na jioni yake nilimkuta kweli amebandika ulimi kwenye ndoo. Nilimwondoa nikiwa bado nacheka. Leo siwezi kulikumbuka jambo hilo bila kujipiga kifuani.

Kisha daktari aliuliza, je, nyumba hii ina nyama? Nikamwonyesha mitungi. Mayai? Nikamwonyesha kuku. Dengu, maziwa? Vyote. Alivua miwani akaifuta, akasema hakuelewa. Akasema katika nyumba zingine anaelewa kwa sababu watu wanakula mkate na chai tu, lakini penye nyama, hata kipande cha ukubwa wa kiberiti mara tatu kwa wiki, na yai, na maini siku ya kuchinja, mtoto asingekuwa hivi. Aliniuliza tena, “Na mtoto anakula, mama?” Nikajibu kwamba tunakula sote kwenye kitambaa kimoja kilichotandikwa sakafuni. Hilo halikuwa uongo. Akaandika kitu kwenye kijitabu chake, akanitolea donge la chachu kutoka duka la mikate la mjini, limefungwa kwa kitambaa kibichi, akanionyesha namna ya kulitunza.

Alipotoka nililitupia kuku. Niliona amemtukana mama yetu aliyenifundisha mkate, na mama yake aliyemfundisha yeye. Miezi miwili baadaye daktari alipopita na kuuliza habari ya chachu, nilimwambia inaumua vizuri, Mungu ambariki. Alifurahi sana, maskini. Mwaka uliofuata alihamishwa.

Sasa nije kwenye gauni. Kwenye barua yako ya majira ya baridi yaliyopita uliomba nikutumie uzi wa kimo cha Golnesa, bega mpaka kisigino, na mwingine wa kifua, ili fundi wa Kuwait amshonee nguo ya harusi. Nilikaa na ule uzi mkononi siku mbili. Nikaupima kwa Golnesa mara moja, nikauona mfupi kiasi ambacho hata wewe usiye fundi ungejua. Basi nikamwita Turan, binti wa jirani yetu, aliyezaliwa mwezi mmoja na Golnesa, nikamwambia nataka kukisia kitambaa cha binamu yangu. Ule uzi uliofika kwako ni wa Turan.

Gauni lilikuja mwanzoni mwa vuli. Ni zuri, mdogo wangu, sijapata kuona kitambaa cha namna ile, na zile shanga za kifuani lazima zilikugharimu jasho jingi. Golnesa hakusubiri. Alilivaa juu ya nguo zake. Mikono ya gauni ilimfunika mpaka ikaning'inia, na chini lilimwagika sakafuni. Kifua cha shanga kikamwangukia tumboni. Alisimama katikati akijaribu kukusanya kitambaa kwa mikono miwili, halafu akaniuliza taratibu, “Shangazi, hili ni la nani?” Nikamwambia ni lake. Akasema, “Baba alipelekewa kipimo cha nani?” Ardeshir alikuwa amesimama mlangoni.

Ardeshir si mtu mbaya, nakuomba uniamini hilo ingawa sistahili. Amekua mrefu, mabega mapana, jino moja halijamtoka. Jioni ile alituambia mimi na baba yake kwamba hawezi. Alisema, “Nimpeleke wapi, mama? Nikimshika mkono sokoni watu wananiuliza mwanangu anasoma darasa la ngapi.” Safdar alimkumbusha kitovu na kisu na ahadi ya watu wazima. Ardeshir akajibu kwamba hakuwa na ubaya na Golnesa, anampenda kama mdogo wake, ndiyo maana itakuwa haramu. Kisha akasema anamtaka Turan.

Golnesa hakuyasikia hayo. Alikuwa ameondoka. Tulimkuta asubuhi ukingoni mwa kijito, na tumbo limekuwa gumu kama jiwe la kusagia, mdomo mwekundu mpaka puani. Alikuwa amekula udongo, sijui kiasi gani. Haikutoka haja siku tatu, alikuwa akitapika matope. Safdar akamsimamisha dereva wa lori la sukari, tukamlaza juu ya magunia, nami nikaketi nimekiweka kichwa chake mapajani mpaka Shiraz.

Hospitalini walimsafisha tumbo, na akapona lile. Kisha daktari mkubwa akampiga picha ya mkono. Alinionyesha mifupa ya kiwiko na ya kifundo akaniambia huyu ana miaka kumi na tisa kwa kuhesabu, lakini mifupa yake ni ya miaka kumi na moja, haijafunga. Akasema hiyo ni bahati ndani ya balaa. Mifupa isipofunga mtu anaweza kukua bado, ana mwaka mmoja, labda miwili, kisha mlango huo hufungwa moja kwa moja. Wako wengine kama yeye, wameletwa kutoka vijijini kote. Baadhi wanapewa vidonge vya zinki na baadhi wanatibiwa kwa chakula kizuri peke yake, ili madaktari waone tofauti. Yeye ameangukia upande wa chakula. Nyama kila siku, yai, maziwa, dengu, na mkate uliochachushwa. Ndiyo dawa yake yote hiyo, Kherallah. Vitu vilivyokuwa jikoni mwangu.

Nilirudi nyumbani, na hapo ndipo nikakubali Ardeshir aozwe Turan. Harusi imepita wiki tatu leo. Ilikuwa ndogo. Gauni lako halikutumika, nimelifungia sandukuni, ingawa Safdar alisema ni ujinga nguo nzuri ile kukaa bure na inamfaa Turan kama kwamba alipimiwa. Sikumwambia kwamba alipimiwa. Golnesa hajaambiwa kitu. Naye ndiye aliyenileta kwenye kalamu hii.

Juma lililopita nilikwenda kumtazama. Kwenye kitanda cha jirani yake yupo msichana wa kutoka upande wa Marvdasht, naye wa chakula, waliingia pamoja. Yule sasa amerefuka vidole vitatu, nywele zimekolea, na anatembea amejikunja kwa haya kwa sababu kifua kimeanza kuchomoza. Golnesa ni vile vile. Miezi mitatu ya nyama kila siku na hajaongeza hata upana wa kucha. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza samli, aliniita kando akanifokea kama kwamba mimi ndiye mgonjwa. “Huyo mtoto wenu mmemfanya nini? Mchuzi anakunywa, mkate anakula, lakini nyama haigusi. Nimeinua godoro nikakuta vitambaa sita vimefungwa, vimeoza, nzi wamejaa. Nikisimama mbele yake anaiweka shavuni, nikigeuka anaitema. Mayai vile vile. Nikamwuliza unamfichia nani, akasema ni fungu la mwanamume wangu.”

Muuguzi akasema daktari amepewa taarifa, na kwamba kama mpaka Nairuzi hakutakuwa na badiliko atarudishwa nyumbani, maana kitanda kinasubiriwa na wengine. Nilirudi kitandani kwake. Golnesa alitazama huku na huku, akatoa kitambaa chini ya mto, kilikuwa bado na joto, akanitia mkononi. Akasema, “Shangazi, mpelekee Ardeshir. Mwambie ni kwa mkono wangu.”

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mwanzo. Umesoma habari ya mkate na udongo na chachu niliyowapa kuku, na labda umekwisha kunikasirikia, lakini hiyo ni sehemu ndogo. Yule kijana wa Tabriz alisema haelewi. Mimi nilikuwa naelewa. Nilielewa tangu alipouliza swali, kabla hajamaliza kufuta miwani.

Golnesa hakuwahi kula nyama nyumbani kwangu. Nilimfundisha hivyo mimi. Wiki ya kwanza ulipoondoka, nilipoponda nyama na dengu na kugawa, nilimwekea fungu lake kama nilivyokuahidi, kisha nikamwambia kwamba mke mwema hutambulikana kwa kumlisha mumewe kwanza, na kwamba akitaka Ardeshir ampende, ampe fungu lile kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa na miaka tisa, mama yake yumo kaburini na baba yake amepanda meli. Angefanya lolote apendwe. Aliichukua ile nyama akavuka kitambaa kwa magoti, akaiweka kwenye bakuli la Ardeshir. Sote tukamsifu. Mimi nilimbusu. Alifurahi, Kherallah, hakuna siku niliyomwona amefurahi kama siku ile.

Tangu hapo ikawa desturi. Nyama kwa Ardeshir, yai kwa Ardeshir, maini ya mbuzi wako kwa Ardeshir, na yeye mkate wangu mwembamba umechovywa kwenye mchuzi. Wanawake walipokuja kutembea nilikuwa nawaonyesha. Nilikuwa namjaribu mbele yao; namwekea kipande kizuri namwambia kula mwanangu, hiki ni chako, na akikikataa akampelekea mwanangu, nawageukia wenzangu kwa majivuno. Mara mbili tatu, akiwa na njaa, alijisahau akakitia mdomoni. Sikumpiga. Nilimnyamazia siku nzima, simwiti, simjibu, mpaka akaja kunilalia miguuni. Baada ya hapo hakujisahau tena.

Na daktari alipotoka nyumbani kwangu siku ile, nikiwa na donge lake la chachu mkononi, nilijua la kufanya. Nilitakiwa tu kumwambia mtoto, kula. Nilimtazama Ardeshir alivyokuwa akinawiri, nikasema moyoni nitaanza vuli ijayo. Vuli ikaja. Nilimlisha bwana harusi kwa mwili wa bibi harusi, na nilipomaliza, bwana harusi akamtazama akasema huyu ni mtoto. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Wewe ulikishona mwenyewe kwenye nguo ya binti yako ukidhani ni kiraka.

Siku ile hospitalini nilijaribu. Nilikifungua kile kitambaa, nikamega nyama, nikampelekea mdomoni, nikamwambia kula, Golnesa, hii ni yako, Ardeshir ameshiba. Alinitazama usoni kwa makini, kisha akatabasamu lile tabasamu lake la mbele ya wageni, akausukuma mkono wangu. Alidhani namjaribu. Nikamsihi, nikalia, nikamwapia kwa kaburi la mama yake. Kadiri nilivyosihi ndivyo alivyozidi kukaza midomo, na mwisho akaniuliza kwa wasiwasi, “Ardeshir amekasirika? Amekataa nyama yangu?” Nilikichukua kile kitambaa nikatoka nacho, na njiani nikampa mbwa.

Kwa hiyo sikuombi msamaha kwenye barua hii, sina uso huo, na la kuvunda halina ubani. Nakuomba jambo moja. Usisubiri Nairuzi. Panda meli ya kwanza, na ukishuka Shiraz usije Darmazar, nenda hospitalini moja kwa moja. Kaa mbele yake, mle pamoja. Nyama uitie mdomoni mwake kwa mkono wako wewe. Mkono wangu hauamini tena, na wa muuguzi haujui, lakini wewe ni baba yake, na hujapata kumjaribu hata mara moja. Habari ya Ardeshir na Turan utamwambia wewe utakapoona anafaa kuambiwa, ila aanze kwanza kula. Ukitaka kuja kwangu baada ya hapo, njoo, mlango nitauacha wazi, na lolote utakalonifanyia Safdar hatalizuia maana nitakuwa nimemweleza.

Wodi ni ya wanawake, ghorofa ya pili, kitanda cha mwisho upande wa dirisha. Ukiingia usitafute msichana wa miaka kumi na tisa, utampita. Tafuta mtoto.

Safdar anakusalimu sana, hajui nilichoandika. Majirani wote wanakusalimu na kukuulizia. Wasalimie vijana wote wa kwetu mlio nao huko, na Mungu akulinde baharini. Salamu za Golnesa, ambazo nilizoea kukuandikia hapa mwisho kila mara bila ya kumuuliza, safari hii sikuletei.

Ni mimi dada yako,
Mahsultan